Kutengeneza kichocheo cha kobalti cha kupasua maji kwa umeme, na kuhakikisha ni kobalti inayofanya kazi

Kupaka kobalti kwenye elektrodi ni kazi ya mchana mmoja. Kazi ngumu ni kuthibitisha kwamba oksijeni unayoiona inatoka kwa nguvu ya kobalti, na si kwa sababu ya chembe za chuma zilizojificha ndani ya alikali yako, au nikeli ya kipande ulichopakia. Mwongozo huu unafuata mambo yote mawili, ila umeelemea hilo la pili, maana huko ndiko matokeo mengi mazuri yanakoharibikia. Umeandikwa kwa mtu aliye ndani ya maabara, anayejua kutengeneza myeyusho wa molari anayoitaka, na mwenye msimamizi karibu.

Kwa nini kobalti, na kwa nini upande wa oksijeni

Kwa hesabu za thamodainamiki, maji yanapasuka kwa volti 1.23 katika nyuzi 25 za Selsiasi. Mitambo halisi hudai volti 1.8 hadi 2. Sehemu kubwa ya ziada hiyo huliwa kwenye anodi, yaani elektrodi inayotoa oksijeni. Kathodi, ile ya upande wa pili, ina kazi nyepesi: elektroni mbili, molekuli moja ya haidrojeni. Anodi inatakiwa iondoe elektroni nne na kuziunganisha atomu mbili za oksijeni ambazo mwanzo hazikuwa pamoja:

4OH⁻ → O₂ + 2H₂O + 4e⁻

Oksidi za iridi na rutheni huifanya kazi hiyo vizuri, lakini iridi ni miongoni mwa elementi adimu kabisa katika ganda la dunia. Kobalti si ya bei rahisi, ila inapatikana kwa wingi usiolinganishwa na iridi, na ina tabia tunayoihitaji hapa: huhama kwa urahisi kutoka hali ya +2 kwenda +3 na +4, kisha hurudi.

Jambo moja ulijue kabla hujaanza kusoma majina marefu ya vichocheo. Ukianza na oksidi ya Co₃O₄, salfidi, fosfidi au hidroksidi, ukishaipa volti za anodi ndani ya alikali uso wake hugeuka kuwa oksihidroksidi, CoOOH, na hiyo ndiyo inayotoa oksijeni. Salfidi ya kobalti inayosifiwa kwa oksijeni kwa kawaida ni malighafi ya CoOOH. Kwa hiyo mwanafunzi anayeanza hana haja ya kuhangaika na tanuri la gesi ya fosfini, ambayo ni sumu kali. Anza na njia rahisi.

Hatua ya 1: Chagua maji yako

Kuna chaguo tatu, na moja nitaliondoa mara moja. Katika asidi kali, oksidi za kobalti hufanya kazi kwa muda kisha huyeyuka. Hiyo ndiyo sababu mitambo yenye utando wa kupitisha protoni bado imeshikamana na iridi.

Zinabaki mbili: maji yenye pH 7 pamoja na fosfeti, na alikali ya hidroksidi ya potasiamu (KOH) ya molari 1. Anayeanza achague fosfeti. Haichomi ngozi, elektrodi inaundwa ndani ya bika moja, na unaweza kuangalia kila kitu kikitokea. Anayetaka mkondo mkubwa aende kwenye alikali baada ya kuizoea fosfeti.

Hatua ya 2: Vifaa

Utahitaji kioo kinachopitisha umeme, yaani kile kilichopakwa oksidi ya bati yenye florini. Kioo hiki kinafaa kuliko povu la nikeli (nikeli yenye matundu kama sifongo) kwa sababu chenyewe hakitoi oksijeni kwa urahisi, hivyo hakitaiba sifa za kobalti. Upande unaopitisha umeme utaujua kwa multimita: unasoma makumi ya omu, upande mwingine hausomi kitu.

Ongeza fimbo ya grafiti kwa ajili ya kathodi, elektrodi rejea (yenye volti isiyobadilika, ya kulinganishia) ya fedha na kloridi ya fedha (kwa fosfeti) au ya zebaki na oksidi ya zebaki (kwa alikali), na potenshostati, kifaa kinachoishikilia anodi kwenye volti unayoitaka na kupima mkondo. Usiitumbukize ile ya fedha ndani ya KOH kwa muda mrefu. Hidroksidi huishambulia kloridi ya fedha, na namba zako zinaanza kuhama polepole bila wewe kujua.

Huna potenshostati? Chanzo cha kawaida cha mkondo mnyoofu kitapaka utando, karibu na volti 2 kati ya elektrodi mbili. Utaona rangi na viputo, ila hutajua anodi peke yake imekaa kwenye volti ngapi, kwa hiyo hutaweza kulinganisha kichocheo chako na cha mtu mwingine.

Kuhusu usalama sitazunguka. Chumvi za kobalti ni sumu, husababisha mzio wa ngozi, na vumbi lake linahusishwa na saratani: pima poda taratibu, vaa glavu na miwani ya kinga, usipulize wala kufagia. KOH hula ngozi na macho. Haidrojeni huwaka ikiwa kati ya asilimia 4 na 75 ya hewa, kwa hiyo fanya kazi penye hewa inayopita na usifunge chombo chenye elektrodi zote mbili. Usitumie chumvi ya mezani kuongeza upitishaji wa umeme, kwani anodi itatoa klorini. Usitumie chuma cha pua kama anodi pia. Kikiliwa kinaweza kutoa kromi ya hali ya +6, ambayo ni balaa kuliko kobalti yenyewe.

Hatua ya 3: Kupaka kobalti kwa njia ya fosfeti

Njia hii ilielezwa mwaka 2008 na Matthew Kanan na Daniel Nocera wa MIT. Uzuri wake ni kwamba kichocheo kinajijenga chenyewe kutoka ndani ya maji.

Tengeneza kwanza bafa, yaani myeyusho unaozuia pH isibadilike. Kwa mililita 500, yeyusha gramu 5.36 za K₂HPO₄ na gramu 2.62 za KH₂PO₄ katika maji yaliyotoneshwa. Hiyo ni molari 0.1, na pH itaangukia karibu na 7. Hakiki kwa kipima pH.

Kisha tengeneza akiba ya kobalti: gramu 0.291 za nitrati ya kobalti yenye molekuli sita za maji, ndani ya mililita 100. Ni milimolari 10. Usijaribu kupima moja kwa moja miligramu 15 zinazohitajika kwa bika moja, mizani ya kawaida itakuchezea. Chukua mililita 5 za akiba, zitie polepole ndani ya mililita 95 za bafa huku ukikoroga. Umepata milimolari 0.5. Myeyusho ukichafuka na kuonyesha mashapo ya zambarau au waridi, umezidisha kobalti au umeimimina kwa pupa. Mwaga kwenye chupa ya taka, anza tena.

Safisha kioo kwa sabuni, halafu asetoni, halafu maji yaliyotoneshwa. Funika kwa mkanda au rangi ya kucha mpaka libaki eneo la sentimita mraba 1 tu. Eneo hili lipime kwa rula, usilikadirie kwa macho: kila namba utakayoandika baadaye itagawanywa kwa eneo hilo.

Weka anodi kwenye volti 1.3 dhidi ya elektrodi sanifu ya haidrojeni, yaani takriban volti 1.10 kwenye elektrodi ya fedha iliyojaa kloridi ya potasiamu. Usikoroge. Mkondo utaanza chini, kisha utapanda kwa saa kadhaa hadi karibu miliampea 1 kwa sentimita mraba. Kioo kitaingia rangi ya kahawia inayozidi kukolea, na viputo vitaanza kushika uso. Rangi hiyo ni kobalti ya hali ya +3 iliyochanganyika na fosfeti. Ukikata umeme baada ya dakika chache utapata utando mwembamba, ambao kwa kweli ndio mzuri kwa vipimo. Utando mnene hutoa mkondo mkubwa, lakini hukuficha ukweli: hujui ni sehemu gani ya kobalti inafanya kazi na ipi imekaa tu.

Toa elektrodi, isuuze, ihamishie kwenye bafa safi isiyo na kobalti. Vipimo vyote vifanyike humo.

Kazi ya fosfeti si kushikilia pH tu. Kobalti inapotulia bila umeme hurudi hali ya +2 na kuanza kuvuja ndani ya maji. Umeme ukirudi, na fosfeti ikiwepo, hupandishwa tena hadi +3 na kukaa juu ya elektrodi. Kundi la Nocera lilifuatilia jambo hili mwaka 2009 kwa isotopu za mionzi, kobalti 57 na fosfora 32, na kuonyesha kwamba kichocheo hujitibu. Maana yake kwako ni ya kivitendo: usiiache elektrodi imelowa usiku kucha bila umeme. Ama iache ikifanya kazi, ama itoe na uikaushe.

Hatua ya 4: Njia ya alikali

Hapa kupaka hufanyika upande wa kathodi, jambo linalowashangaza wengi, kwa sababu tunatengeneza anodi. Siri iko kwenye nitrati:

NO₃⁻ + H₂O + 2e⁻ → NO₂⁻ + 2OH⁻

Hidroksidi huzaliwa pale pale kwenye uso wa elektrodi, pH ya hapo inapanda, na kobalti inajishusha kama Co(OH)₂. Tumia nitrati ya kobalti ya molari 0.1, mkondo hasi wa miliampea 1 hadi 2 kwa sentimita mraba, kwa dakika chache. Utando utakuwa wa kijani-buluu au waridi. Suuza, tumbukiza kwenye KOH ya molari 1, upandishe volti: hugeuka kahawia iliyokolea mbele ya macho yako. Hiyo ni CoOOH.

Pandisha na kushusha volti mara kadhaa hadi michoro ya mkondo dhidi ya volti ifanane. Mizunguko ya kwanza ni ya kichocheo kujipanga, na haifai kuripotiwa.

KOH isikae kwenye bika la kioo. Huila glasi taratibu na kuchukua uchafu wake. Tumia chombo cha polipropilini au teflon.

Hatua ya 5: Pima, kisha geuza namba

Volti unayosoma inategemea elektrodi rejea uliyotumia, kwa hiyo igeuze iwe dhidi ya elektrodi ya haidrojeni inayofuata pH:

E = volti uliyosoma + thamani ya elektrodi rejea + 0.059 × pH

Elektrodi ya fedha iliyojaa kloridi ya potasiamu ina thamani ya 0.197. Ile ya zebaki katika alikali ya molari 1 ni karibu 0.10. Tuseme umepata miliampea 10 kwa sentimita mraba ukiwa umesoma 0.65 kwenye elektrodi ya zebaki, na pH ni 14. Jumlisha 0.65 na 0.10 na 0.83, unapata 1.58. Toa 1.23: volti ya ziada ni 0.35. Kwa utando wa kobalti katika alikali, hapo ni mahali pa kuaminika. Ukipata 0.15, usifurahi, tafuta kosa.

Miliampea 10 ndicho kipimo ambacho wengi wameafikiana kulinganishia. Kinakaribiana na mkondo ambao kifaa cha jua chenye ufanisi wa asilimia 10 kingeutoa, na kundi la Charles McCrory lilikitumia mwaka 2013 kupima vichocheo vingi kwa utaratibu mmoja.

Ondoa pia upotevu wa ukinzani. Maji na kioo vina ukinzani wao, na mkondo ukipita unakula volti ambazo si za kichocheo. Omu 5 kwa miliampea 10 ni volti 0.05. Kwa miliampea 100, omu hizo hizo zinakula nusu volti, na hapo mchoro wako wote ni hadithi ya ukinzani. Potenshostati nyingi hupima ukinzani huo kwa mkondo geu wa kasi kubwa. Andika namba zote mbili, kabla na baada ya kusahihisha.

Pima taratibu, milivolti 1 hadi 5 kwa sekunde. Ukienda kasi, mkondo wa kuchaji utando unajiongeza juu ya mkondo wa oksijeni.

Hatua ya 6: Wahoji washukiwa

Mshukiwa wa kwanza ni chuma. KOH ya kawaida ya maabara ina chuma kwa kiwango cha sehemu chache katika milioni, na CoOOH hukinyonya kama sifongo. Dennis Corrigan alionyesha mwaka 1987 jinsi chuma kidogo kinavyobadilisha oksidi ya nikeli, na mwaka 2015 kundi la Shannon Boettcher, wakati huo Chuo Kikuu cha Oregon, lilifanya hesabu hiyo kwa kobalti: chuma kikifika asilimia 40 hadi 60 ya metali, uwezo wa asili wa kichocheo huongezeka takriban mara 100 ukilinganisha na CoOOH isiyo na chuma. Soma tena namba hiyo. Ina maana tofauti kati ya kichocheo "kipya" na cha zamani yaweza kuwa chupa ya KOH iliyotumika.

Kinga yake ni rahisi. Tengeneza hidroksidi ya kobalti kutoka chumvi safi kabisa, itie ndani ya KOH, tikisa vizuri, iache ishuke, kisha mimina alikali ya juu. Unga huo umekwisha kukibeba chuma. Tumia alikali hiyo, na chombo cha plastiki kilichosuuzwa kwa asidi.

Baada ya hapo unaweza kukirudisha chuma kwa makusudi. Mimi naliona hili kuwa jaribio bora kuliko yote katika mwongozo huu: pima kobalti katika alikali iliyosafishwa, ongeza matone machache ya chumvi ya chuma, pima tena. Mkondo utapanda, na wimbi (kilima kwenye mchoro) la kobalti kutoka +2 kwenda +3, ambalo huonekana karibu na volti 1.1 baada ya kugeuza namba kama katika Hatua ya 5, litasogea juu kidogo. Kobalti pamoja na chuma ni kichocheo kizuri sana. Kosa ni kukiita kobalti peke yake.

Mshukiwa wa pili ni nikeli. Ukipaka kobalti kwenye povu la nikeli, pima pia povu tupu lililopitia kila hatua isipokuwa kobalti. Tazama mchoro: wimbi lililo karibu na volti 1.35 hadi 1.4 ni la nikeli, na linaweza kukudanganya ukadhani ni mwanzo wa oksijeni. Pima ukishusha volti badala ya kuzipandisha, mkanganyiko unapungua.

Wa tatu anakuhusu ukigeukia upande wa haidrojeni. Huko kobalti nayo ina nafasi, hasa fosfidi ya kobalti, CoP, ambayo tangu 2014 imejulikana kufanya kazi hata ndani ya asidi ya salfuriki. Lakini ukitumia waya wa platini kama elektrodi ya upande wa pili, platini huyeyuka kidogo kidogo, inavuka na kutua juu ya kobalti yako. Baada ya saa kadhaa unapima platini. Dalili yake ni kichocheo "kinachoimarika" kadiri kinavyotumika. Tumia grafiti, na uitenganishe kwa utando, kwani nayo humomonyoka ikiwa anodi.

Hatua ya 7: Hesabu gesi

Mkondo si ushahidi wa oksijeni. Huenda ni kaboni inayoungua, au utando unaojioksidisha. Ushahidi ni gesi yenyewe.

Pitisha miliampea 10 kwa saa moja. Ni kulombi 36. Gawanya kwa 4 × 96,485, unapata moli 0.0000933 za oksijeni, sawa na mililita 2.3 katika nyuzi 25 na shinikizo la kawaida la angahewa. Upande wa haidrojeni unatarajia mara mbili yake, mililita 4.6. Kusanya kila gesi kwenye mrija wake uliogeuzwa chini juu, usizichanganye. Kabla ya kuanza kuhesabu acha mtambo ufanye kazi kwa muda ili maji yashibe gesi, la sivyo oksijeni ya mwanzo itayeyukia humo na utadhani imepotea. Kumbuka pia kwamba gesi iliyokusanywa juu ya maji ina mvuke, karibu asilimia 3 katika nyuzi 25.

Ukipata asilimia 95 au zaidi ya unachotarajia, vizuri. Ukipata 70, kuna kitu kingine kinakula elektroni zako, na mara nyingi ni kaboni iliyo chini ya kobalti. Ukipata 110, angalia kama haidrojeni haivuki upande wa pili.

Hatua ya 8: Uimara

Shikilia miliampea 10 kwa saa 24 na uandike volti. Kupanda kidogo ni kawaida. Kisha fanya kitu ambacho wengi hukikwepa: kata umeme kwa saa moja, washa tena, rudia. Umeme wa jua na upepo huja na kuondoka, na utando mwingi wa kobalti huumia zaidi wakati wa kupumzika kuliko wakati wa kazi. Ukiweza, peleka maji ya jaribio yakapimwe kobalti iliyovuja. Volti inaweza kubaki tulivu huku nusu ya utando imeshaondoka, hasa kama ulianza na utando mnene.

Hatua ya 9: Taka

Kobalti isiingie kwenye sinki. Kusanya myeyusho wote pamoja na maji ya kusuuzia ya mwanzo, ongeza alikali mpaka kobalti ishuke kama hidroksidi, chuja, kausha mashapo ndani ya chombo chenye lebo, na uyakabidhi pamoja na taka za metali. Maji yaliyochujwa nayo yapimwe kobalti kabla hujaamua pa kuyapeleka. KOH ipunguzwe kwanza kwa maji, kisha itulizwe kwa asidi nyepesi kidogo kidogo, kwa sababu huchemka. Elektrodi rejea ya zebaki ikivunjika, usiguse wala usifagie. Watoe watu chumbani na umwite msimamizi.